Pacha wangu wana miaka minane na wanataka kuingia skauti hapa Kigoma: nianzie wapi?

Mama Kulwa, Katubuka

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na habari za jioni kwa wengine wote. Nina pacha wa miaka minane, Kulwa ambaye ni binti na Doto ambaye ni mvulana, na wote wanasoma darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Doto uani amejifunga kanga yangu shingoni, ncha zake mbili zimepitishwa ndani ya kipande cha bomba la maji kilichokatwa kama pete, na badala ya kuniamkia akaninyooshea mkono wa kushoto. Nilimkaripia pale pale, maana nimelelewa na bibi ambaye hata kikombe cha maji hakukipokea kutoka mkono huo, lakini mtoto alisimama imara akanieleza kwamba ndivyo skauti wanavyosalimiana, na kwamba rafiki yake wa dawati moja amekwisha kuwa skauti katika kundi linalokutana kila Jumamosi kwenye shule ya jirani.

Tangu siku hiyo sina amani ndani ya nyumba. Doto anataka kwenda, na Kulwa amesema kwamba pacha mwenzake akienda bila yeye atagoma kula. Baba yao, ambaye ni mtu wa Tabora, anasema kwamba skauti ni kwata tu na kwamba watoto wa darasa la tatu hawana haja ya kufundishwa kupiga saluti wakati kusoma kwenyewe bado kunawapiga chenga. Mimi nina hofu za aina nyingine: sijui kama umri wao unaruhusu, sijui kama wasichana wanapokelewa, na zaidi ya yote sijui watu wanaokaa na watoto hao ni akina nani, kwa sababu tangazo pekee lililonifikia ni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ikitaja bei ya shati la kaki, skafu, mkanda na kofia, bila jina la mlezi wala saa ya kumalizika kwa shughuli. Isitoshe, asubuhi ya Jumamosi ndiyo saa yao ya madrasa. Naomba mwenye uzoefu anieleze, hasa aliyewahi kumpeleka mtoto wa umri huu au kulea kundi lenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Marahaba mwanangu. Nimelea watoto wa skauti kwa miaka mingi katika shule tatu tofauti za mkoa huu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, na utanivumilia kwa sababu mzee akiulizwa jambo analolipenda hajui kufupisha.

Miaka minane ni umri unaofaa kabisa. Watoto wadogo wa shule ya msingi wana ngazi yao, tunawaita Kabu, na mambo yao hayafanani na ya wale wa darasa la sita na la saba wala ya vijana wa sekondari. Ngazi hiyo ilizaliwa kwa sababu ileile inayokusumbua wewe nyumbani. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipiga kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwezi Agosti mwaka 1907, akiwa na wavulana wapatao 20, baadhi yao wa familia zenye uwezo na wengine wa familia za wafanyakazi, na jambo hilo liliposambaa, wadogo zao walianza kufuata mikutano ya kaka zao, wakilia nje ya uzio hadi watu wazima wakachoka. Mwaka 1916 wakatengenezewa utaratibu wao rasmi, wenye michezo mingi zaidi na mazoezi mepesi. Kwetu Tanganyika skauti waliingia mwaka 1917, na Zanzibar walitangulia mwaka 1912, kwa hiyo mumeo asidhani kwamba ni mradi uliokuja majuzi na utaondoka mfadhili akiondoka.

Kuhusu kwata, nakiri kwamba mwanzilishi alikuwa mwanajeshi, na kwamba yako makundi yaliyobaki na kwata tu kwa sababu ndicho kitu rahisi kufundisha pale mlezi anapokuwa hajui kingine. Lakini mwambie shemeji yangu wa Tabora kwamba Mwalimu Nyerere, alipokuwa mwanafunzi katika shule ya serikali ya huko kwao, alikoingia mwaka 1937, alisoma kitabu cha Baden-Powell kisha akashiriki kuanzisha kikosi cha skauti shuleni hapo. Sidhani kama Mwalimu alivutiwa na saluti.

Sasa nikueleze Kabu wanafanya nini kundi linapokuwa hai. Wanagawanywa katika vikundi vidogo vya watoto sita sita, na kila kikundi kina kiongozi wake ambaye naye ni mtoto. Hapo ndipo penye siri yote, kwa maana mtoto wa miaka tisa anayetakiwa kuhakikisha kwamba wenzake watano wamekuja na maji ya kunywa hujifunza kitu ambacho mimi darasani sikuweza kumfundisha kwa chaki. Mkutano mzuri hauzidi saa moja na nusu au mbili: wanasimama mduara, bendera inapandishwa, wanacheza mchezo wa kukimbia hadi jasho liwatoke, kisha wanakaa chini kujifunza jambo moja tu, halafu mchezo mwingine na wimbo, basi wanakwenda nyumbani.

Fundo la kwanza ninalowafundisha ni lile la kuunganisha kamba mbili zenye unene sawa. Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mtoto akikosea akarudia upande uleule mara mbili, fundo hukaa mshazari na huteleza akilivuta, lakini akipatia linalala bapa kama limepigwa pasi, na kwa sababu hiyo hutumika kufunga bandeji, kwani halimuumizi mgonjwa anapolilalia. Nimeona watoto wasioweza kukaa kimya kwa dakika tano wakihangaika na vipande viwili vya kamba ya katani kwa nusu saa nzima, ulimi umetoka nje. Hiyo skafu ambayo Doto ameigiza kwa kanga yako si pambo: ni kitambaa cha pembe tatu, na mtoto aliyefundishwa anaweza kuutegemeza nayo mkono uliovunjika. Wakati mmoja msichana wangu wa darasa la nne alimwagia maji ya mtungini mdogo wake aliyeunguzwa na uji, akaendelea kumwagia taratibu kwa dakika 20 kama alivyoagizwa, huku bibi yao akizunguka nyumba nzima kutafuta dawa ya meno ya kumpaka. Bibi alikuja kunilalamikia kwamba namfundisha mtoto ubishi. Mganga wa zahanati alimweleza kwamba mjukuu wake amefanya sawasawa.

Nina kisa kingine ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Watoto wa Kigoma hawasumbuki kujua pande za dunia, kwa kuwa ziwa liko magharibi na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo siku ambazo hakuna ukungu, basi ukimuuliza mtoto kaskazini ni wapi anatafuta kwanza ziwa liko wapi, ndipo anakunyooshea kidole. Mwaka mmoja tulipanda treni na kikundi cha wakubwa kwenda Tabora, na asubuhi yake nilipowauliza magharibi ni upande gani walizunguka wakitazamana kama kuku waliohamishwa banda. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza dira kwa dhati.

Umesema jambo kubwa kuliko yote uliposema kwamba hujui walezi ni akina nani, na hapo usilegeze hata kidogo. Karatasi inayotaja bei ya mkanda bila kutaja jina la mlezi ilipaswa kurudishwa siku hiyohiyo. Nenda mwenyewe Jumamosi, bila kutuma salamu, ukae pembeni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Angalia kama wapo watu wazima wawili au zaidi, kwa sababu kanuni yetu ni kwamba mtu mzima mmoja hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, iwe ni mafunzo, safari au kumsindikiza chooni. Muulize mlezi amepata mafunzo gani. Aliyehitimu kozi kubwa ya viongozi huvaa shingoni uzi wa ngozi wenye vipande viwili vidogo vya mti, na akiwa navyo atafurahi kukusimulia alivipata wapi, na asipokuwa navyo si kosa, mradi anaweza kukuambia anasimamiwa na nani. Kila kundi halali linajulikana kwa mwalimu mkuu wa shule linapokutania na kwa kamishna wa skauti wa wilaya. Safari yoyote ya nje lazima itanguliwe na barua ya ruhusa ambayo mzazi anaitia saini, ikitaja mahali, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Na watoto wako wajue, pamoja na kwamba unaamini mambo yatakuwa mema, kwamba simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kwamba hakuna siri ya kundi ambayo mama haruhusiwi kuijua.

Mkono wa kushoto usikutie hasira. Tunawaambia watoto kwamba mkono huo uko upande wa moyo, na kwamba mpiganaji akikunyooshea huo amelazimika kuiweka chini ngao yake, maana yake amekuamini. Hata hivyo mimi huwaambia Kabu wangu kuwa salamu hiyo ni ya skauti kwa skauti, na kwamba bibi huamkiwa kwa adabu ya nyumbani.

Baba Watatu, Mwanga

Namheshimu Mwalimu na sina shaka kwamba kundi lake lilikuwa kama anavyolieleza, lakini Mama Kulwa anastahili kusikia na upande wa pili kutoka kwa mtu aliyelipa. Mwanangu wa kwanza aliingia skauti akiwa darasa la nne, katika kundi ambalo sitalitaja. Siku ya pili tu tuliletewa orodha ya sare, nikampeleka kwa fundi, nikashona shati na kaptula, nikanunua skafu, mkanda na kofia. Kwa muhula mzima mtoto hakufundishwa fundo hata moja. Alichofanya ni kupangwa mstari kupokea wageni rasmi, mara tatu, na mara ya tatu waliambiwa wafike saa mbili asubuhi, mgeni akafika saa saba mchana, na kwa muda wote huo watoto walisimama juani pasipo maji kwa sababu walikatazwa kuvuruga mstari. Mwanangu alianguka. Alibebwa na mwanamke aliyekuwa akiuza maji ya chupa kando ya barabara, si na mlezi wake, na mimi nilipata habari jioni.

Nilimtoa, na kwa miaka miwili sikutaka kulisikia neno hilo nyumbani kwangu. Aliyenilainisha ni mwanangu wa mwisho, ambaye alianza kwenda kwenye kundi jingine bila mimi kujua, akifuatana na binamu yake. Nilipokwenda kumtoa kwa hasira nilimkuta mlezi, kijana mwalimu wa hisabati, akiwafundisha kukadiria urefu wa mwembe kwa kutumia kijiti na kivuli, na nilipomuuliza sare ni shilingi ngapi alinijibu kwamba mtoto hapewi skafu mpaka amehudhuria miezi kadhaa, amejifunza ahadi na kanuni, na amesema mwenyewe mbele ya wenzake kwamba anataka kuahidi. Hapo nikaketi.

Kwa hiyo sikuambii usiwapeleke, nakuambia usinunue chochote. Kundi linaloanza na sare, kwa maoni yangu, linatafuta watoto wa kupamba sherehe. Na uliza swali moja ambalo Mwalimu hakulitaja: fedha zinazochangwa zinaandikwa wapi, na nani mwingine zaidi ya mlezi anaona daftari hilo?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Baba Watatu, sina la kukupinga, na swali lako la daftari nalikubali. Kumvisha mgeni skafu ni heshima ya zamani kwetu na watoto wenyewe hujivunia, lakini kazi hiyo ni ya vijana wakubwa wachache, na Kabu wakialikwa basi wakae kivulini na maji yao hadi gari lionekane. Mlezi anayeogopa kumwambia mwandaaji wa sherehe kwamba watoto wamechoka hafai kupewa watoto.

Nahodha wa Boti, Kibirizi

Sikupitia skauti, nilipitia ziwani, kwa hiyo nitasema la maji tu. Ninabeba abiria wa vijiji vya kaskazini, na mara mbili nimekodiwa kupeleka vikundi vya watoto kwenye matembezi. Mara moja nilikataa kuondoka, kwa sababu watoto walikuwa zaidi ya thelathini na jaketi okozi za kimo chao zilikuwa tisa. Mlezi alisema kwamba ni safari fupi. Nilimwambia kwamba mtoto akivalishwa jaketi la mtu mzima linapanda hadi usoni anapoingia majini, naye anatoka chini kama embe kwenye mfuko uliotoboka.

Watu hupenda kusema kwamba ziwa letu ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na ni kweli kwamba pale linapozama zaidi kina chake kinapita mita 1,400, lakini mtoto hahitaji mita 1,400, mbili zinamtosha. Ufuo wetu mahali pengi unashuka ghafla, hatua tatu maji ni ya kiunoni, ya nne huna chini. Kuanzia mwezi Mei hadi karibu Septemba upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na ziwa lililokuwa kama kioo alfajiri linaweza kuwa na mawimbi ya kutisha kabla ya adhuhuri. Likizo ya mwezi Juni, ambayo ndiyo walezi wanapenda kupanga kambi, iko katikati ya upepo huo. Mama Kulwa akiambiwa kwamba Kabu watavuka kwa boti mwezi huo, aulize ni saa ngapi, boti gani, na jaketi ngapi za watoto, na jibu likiwa la kusitasita awazuie.

Hata hivyo ningefurahi kama kundi lingewafundisha kuogelea, kwa sababu watoto wetu wengi wanaishi wakitazama maji ambayo hawayawezi. Na kabla ya kuogelea wafundishwe jambo dogo ambalo baba yangu alinifundisha nikiwa na umri kama wa Doto: mwenzako akizama usimrukie, kwa maana atakushika shingo mzame wote wawili. Mnyooshee fimbo au kasia ukiwa umelala kifudifudi kwenye nchi kavu, na kama yuko mbali mtupie dumu. Dumu tupu la mawese la lita 20, kifuniko kimekazwa, linamwelesha mtu mzima juu ya maji, na likifungwa kamba kwenye mpini linakuwa kifaa cha uokoaji ambacho kila nyumba ya Kigoma inacho. Hilo fundo la Mwalimu linafaa kwa bandeji, lakini kwa dumu lifungeni lile la kitanzi kisichokaza wala kulegea, ambalo sisi tunafungia mitumbwi. Wakiniita Jumamosi moja nitakuja kuwaonyesha bure, mradi iwe mchana, kwani asubuhi niko safarini.

Jambo la mwisho, wasiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Kichocho kinakaa huko.

Shangazi wa Gungu

Naona wanaume wamemjibu Mama Kulwa kuhusu Doto, na Kulwa amesahauliwa kama kawaida. Dada yangu, wasichana wanapokelewa katika skauti hapa nchini, na katika makundi mengi ya shule za msingi utawakuta wakisimama mstari mmoja na wavulana. Wakati huohuo kipo Chama cha Girl Guides Tanzania, ambacho ni cha wasichana peke yao na kina ngazi ya watoto wadogo pia. Jina hilo nakushauri ulitamke lote bila kulifupisha, kwa sababu mama yangu mdogo aliwahi kumtangazia jirani kwamba binti yake amekuwa gaidi, na maelezo yaliyofuata yalichukua mchana mzima. Historia yao inampendeza Kulwa kama ni mtoto wa kugoma kula: mwaka 1909 skauti walifanya mkutano mkubwa London, wasichana wakatokea wamevaa walivyoweza na kudai kwamba nao ni skauti, na mwaka uliofuata, 1910, wakaanzishiwa chama chao, dada wa Baden-Powell aitwaye Agnes akiwa kiongozi wao wa mwanzo.

Kama ningekuwa wewe ningewaweka pacha pamoja kwa miaka hii ya mwanzo, halafu Kulwa akifika darasa la sita aamue mwenyewe. Ninayo sababu. Mimi nililelewa katika chama cha wasichana, na kitu nilichokipata huko ambacho sikukipata mahali pengine ni kuzungumza mambo ya mwili wangu na dada mkubwa asiyekuwa mama yangu wala mwalimu wangu. Lakini hilo ni la umri wa miaka 11 na kuendelea. Kwa miaka minane, mtoto anataka kukimbia na pacha wake.

Kuhusu madrasa, zungumza na ustadhi na mlezi, wote wawili, kabla ya kudhani kwamba wanapingana. Kundi la binti yangu lilihamisha mkutano hadi baada ya swala ya adhuhuri watoto wa Ujiji walipokuwa wengi, na wale wa kanisani hawakupoteza kitu. Ahadi ya skauti inaanza na wajibu kwa Mungu, ikafuata nchi na kuwasaidia watu wengine, na kila mtoto anaisema kwa imani yake. Binti anavaa hijabu yake na skafu inakaa juu yake bila taabu.

Na ikitokea kwamba umekwenda kukaa pembeni kama Mwalimu alivyosema na hukupenda ulichokiona, usirudi nyumbani ukidhani kwamba mlango umefungwa. Mkoa huu una vikundi vya Roots & Shoots mashuleni, vilivyoanzishwa mwaka 1991 Dar es Salaam na Jane Goodall, yule mama wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960. Vikundi hivyo havina skafu wala bendera, kazi yao inahusu watu, wanyama na mazingira, na watoto wenyewe ndio wanaochagua shughuli. Binti yangu wa pili yuko huko, na kitalu chao cha miche kiko nyuma ya vyoo vya shule, mahali ambapo hakuna mbuzi anayethubutu kupita. Kambi hawapigi, lakini anajua kutofautisha mche uliokauka kwa jua na uliooza kwa maji mengi, na sasa hanipi nafasi ya kumwagilia mchicha wangu mwenyewe.

Mama Kulwa, Katubuka

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote. Nimekaa kimya kwa wiki mbili kwa sababu nilitaka kurudi nikiwa nimeona.

Nilikwenda Jumamosi bila taarifa, nikaketi juu ya gogo chini ya mwarobaini, na baba yao akanifuata dakika kumi baadaye akisema kwamba amekuja kunisindikiza tu. Watoto walikuwa 23. Walezi walikuwa wawili, kijana mmoja na mama mmoja wa makamo ambaye ni mhudumu wa zahanati, na wa tatu, ambaye ndiye mkubwa wao, alikuwa safarini Kasulu. Niliwauliza kuhusu ile karatasi ya bei. Mama yule aliinama kwa aibu akasema kwamba iliandikwa na mzazi mmoja aliyejitolea kushona sare, na kwamba wao hawakuiona kabla haijasambazwa. Nimelipokea jibu hilo nusu, nusu nyingine nitaipokea nikimwona mkubwa wao. Daftari la michango walinionyesha. Linaandikwa na mama huyo na kusainiwa na mwalimu mkuu kila mwezi, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne tu: kamba, sabuni, spiriti na pamba. Saa ya mkutano itabaki asubuhi hadi mwisho wa muhula, kisha wataisogeza alasiri, kwa hiyo kwa sasa ustadhi amekubali pacha watoke nusu saa mapema.

Kilichonishangaza ni watoto wenyewe. Doto, ambaye ndiye aliyetuletea habari hizi zote, alinuna alipogundua kwamba hatapata skafu siku hiyo, akakaa pembeni ya kikundi chake akichora chini kwa kijiti mpaka mchezo wa pili ulipoanza. Kulwa alipewa vipande viwili vya kamba, akakosea mara nne, na mara ya tano fundo likalala bapa. Hakulionyesha kwa mtu. Alilitazama, akalifungua, akalifunga tena, kisha akamtazama baba yake.

Safari ya kwanza itakuwa ya miguu, likizo ya Juni, hadi pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na hakuna boti, Nahodha uwe na amani. Wanahitaji mzazi mmoja wa kiume wa kuwafuata nyuma. Baba Kulwa alijibu kwamba atalifikiria, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kulifikiria. Jana jioni nilitoka jikoni nikamkuta uani ameikata kamba yangu ya kuanikia nguo vipande viwili, anamuuliza binti yake kama ni kulia juu ya kushoto kwanza au ni kinyume chake.

Mwalimu, kwa hisani yako, niambie ni fundi gani wa Ujiji anayeshona skafu za watoto kwa kipimo sahihi. Sinunui sasa, nimemsikia Baba Watatu. Ni kwamba kanga yangu ninaihitaji, na Doto bado hajaivua.